Rifampisini imeshatoka mwilini, kwa nini dolutegraviri ya usiku iendelee wiki mbili?

NesiWaCTC (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba tumjadili mgonjwa mwenye TB na VVU kwa upande mmoja tu, namna dawa zake zinavyotoka mwilini. Mwongozo unatuambia tufanye nini, lakini mgonjwa akiuliza "kwa nini" tunababaika, na tukibabaika kidonge kinabaki nyumbani kwenye kopo.

Chukueni mfano wa mama wa miaka 36, kilo 48. Anatumia RHZE (kidonge cha TB chenye rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambuto) vidonge 3 kwa siku, TLD (kidonge cha VVU chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri) saa 2 asubuhi, dolutegraviri 50 mg peke yake saa 2 usiku, Septrin 960 mg mara moja kwa siku na vitamini B6 25 mg. Mkononi ana kijiti cha uzazi wa mpango chenye homoni ya levonorgestreli. Kabla ya kuanza ARV kreatinini yake (taka ya misuli inayopimwa kwenye damu kuangalia figo) ilikuwa 68 µmol/L, na wiki 4 baadaye imesoma 82.

Kinachonisumbua ni hiki. Nusu-uhai wa rifampisini ni kama saa 3. Kwa hesabu hiyo, kesho yake baada ya kidonge cha mwisho haipo tena. Sasa dolutegraviri ya usiku inaendelea siku 14 zaidi kwa sababu gani? Na hiyo kreatinini, je, tenofoviri imeanza kula figo? Kijiti nacho bado kinamkinga? Halafu mama huyu anakunywa maji lita 4 kwa siku pamoja na madafu ili "asafishe dawa", maana mkojo mwekundu unamtisha. Nimwambie nini?

Natanguliza shukrani.

Mfamasia_Bara

Nesi, hesabu yako ya nusu-uhai ni sahihi. Kilichokosekana ni jambo moja: rifampisini ikiondoka inaacha kazi yake nyuma.

Nusu-uhai ni muda ambao kiasi cha dawa kwenye damu kinapungua kwa nusu. Ukianza na 100 na nusu-uhai ni saa 3, baada ya saa 3 unabaki na 50, saa 6 una 25, saa 9 una 12.5, saa 12 una 6 na kitu, saa 15 una 3. Ndiyo maana tunasema baada ya nusu-uhai 5 dawa imekwisha kwa matumizi yetu. Kwa hiyo ndiyo, aliyemeza RH (rifampisini na isoniazidi, za awamu ya mwisho ya TB) asubuhi, alfajiri ya kesho yake ana mabaki tu.

Lakini tazama ilichofanya kwenye ini ilipokuwepo. Ikiingia ndani ya seli ya ini inashikamana na kipokezi kinachoitwa PXR. Kipokezi hicho kinaingia kwenye kiini cha seli na kuziamsha jeni zinazotengeneza vimeng'enya vya kuvunja dawa: CYP3A4, UGT1A1 na vingine, pamoja na pampu ya P-gp ambayo kwenye utumbo hurudisha dawa nje kabla haijaingia kwenye damu. Siku ya kwanza huoni tofauti kubwa, kwa kuwa protini hutengenezwa taratibu. Baada ya wiki moja hadi mbili ini limejaa vimeng'enya hivyo. Ukiacha rifampisini, agizo la kutengeneza vipya linakoma, ila vilivyokwisha kutengenezwa viko palepale. Msimamizi ameondoka shambani, vibarua aliowaajiri bado wanapiga jembe. Vinavunjika kidogo kidogo, na ini hurudi hali yake ya kawaida baada ya kama wiki mbili.

Sasa ingiza dolutegraviri. Kazi kubwa ya kuivunja inafanywa na UGT1A1, na sehemu ndogo na CYP3A4. Yote mawili yameongezwa na rifampisini. Bila rifampisini nusu-uhai wake ni kama saa 14, ndiyo maana kidonge kimoja kwa siku kinatosha. Ilipopimwa, 50 mg mara mbili kwa siku pamoja na rifampisini ilitoa kiasi cha jumla kwenye damu kilichopungua kwa asilimia 54 kuliko 50 mg mara mbili bila rifampisini. Kiwango cha chini kabisa, kile cha kabla ya dozi inayofuata, kilishuka kwa asilimia 72. Hicho cha chini ndicho cha kukiangalia sana, kwa kuwa virusi hupata nafasi pale dawa inapofika chini kabisa. Habari njema ni kwamba ukilinganisha mara mbili pamoja na rifampisini dhidi ya mara moja bila rifampisini, mara mbili bado iko juu kidogo: jumla ni zaidi kwa asilimia 33, kiwango cha chini ni zaidi kwa asilimia 22. Dozi ya usiku imerudisha kile ini linachokula, na akiba kidogo juu yake.

Ukiikata dozi ya usiku siku ileile RH inapoisha, umemwacha na dozi moja mbele ya ini ambalo bado linavunja kwa kasi ya wakati wa dawa za kifua kikuu. Ukiiendeleza siku 14, ubaya wake ni vidonge 14. Mwisho wa wiki hizo atakuwa na dolutegraviri nyingi kidogo kuliko anayohitaji, na dozi hiyo mara mbili kwa siku ndiyo ileile wanayopewa wenye virusi sugu kwa dawa za kundi lake.

Kosa la namna hii ni hatari zaidi upande wa pili, pale dawa nyingine ilipoongezwa kwa ajili ya rifampisini. Mgonjwa wa warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) aliyepandishiwa dozi mpaka INR (kipimo cha kuganda kwa damu) ikakaa vizuri wakati wa RH, akimaliza RH na kubaki na dozi ileile kubwa, INR yake hupanda wiki hadi wiki vimeng'enya vinapopungua. Anavuja damu akiwa "amepona". Mpimie INR kila wiki kwa mwezi mzima baada ya RH.

Jambo moja pembeni: haya ni ya rifampisini ya kila siku. Anayekunywa 3HP, ile ya mara moja kwa wiki ya kuzuia TB, haongezewi dolutegraviri.

Maabara_254

Swali fupi kwa Mfamasia. Kuna utafiti wa Cape Town, RADIANT-TB, ambapo baadhi walipewa dolutegraviri ya pili na wengine kidonge kisicho na dawa, wote wakiwa kwenye rifampisini. Walioshusha virusi walikuwa wengi pande zote mbili. Mbona basi bado tunamtwika mgonjwa kidonge cha usiku?

Mfamasia_Bara

Swali zuri. Utafiti ule ulikuwa wa hatua ya pili, wenye watu wachache, na haukupangwa kuthibitisha kwamba njia mbili ni sawa. Umeonyesha kuwa dozi moja huenda ikatosha, na sababu inaeleweka: dolutegraviri ina akiba kubwa juu ya kiwango kinachohitajika kumzuia kirusi. Lakini mgonjwa wa utafiti anafuatwa kwa karibu. Mgonjwa wetu akiruka dozi mbili wikendi kwa sababu ya msiba wa kijijini, akiba hiyo ndiyo inayomwokoa. Mwongozo unaotumika nchini kwenu ukiandika mara mbili, toa mara mbili.

Dkt_Mkojo

Naenda kwenye kreatinini. Hapa ndipo TLD hubadilishwa bila sababu, na siku nyingine mgonjwa huachwa na TLD wakati figo kweli zinakufa.

Kreatinini inatoka kwa njia mbili. Sehemu kubwa inachujwa kwenye glomeruli, vichujio vya figo, pamoja na maji. Sehemu ndogo inasukumwa kutoka kwenye damu kuingia kwenye mrija wa figo na wabebaji wawili: OCT2 anaitoa kwenye damu na kuiingiza kwenye seli ya mrija, kisha MATE1 anaitoa kwenye seli na kuitia kwenye mkojo. Dolutegraviri inamziba OCT2. Na mama huyu anakunywa Septrin. Trimethoprimu iliyomo ndani yake nayo inawaziba wabebaji haohao. Mlango wa pembeni umefungwa na watu wawili, mlango mkubwa uko wazi kama zamani. Kreatinini inajaa kidogo kwenye damu, lakini uchujaji wenyewe haujapungua.

Tufanye hesabu ya Cockcroft-Gault, ya kukadiria uchujaji wa figo, kwa mwanamke: 140 toa umri, zidisha kwa uzito, zidisha kwa 1.04, gawanya kwa kreatinini ya µmol/L. 104 mara 48 ni 4992, mara 1.04 ni 5192. Gawa kwa 68 unapata 76 ml kwa dakika. Gawa kwa 82 unapata 63. Karatasi inasema amepoteza 13, figo huenda hazijapoteza chochote.

Utatofautishaje? Kwanza kwa muda. Kupanda kwa dolutegraviri ni kwa µmol/L 10 hadi 15 hivi, kunatokea ndani ya wiki 4 za mwanzo, kisha kunatulia. Kwa hiyo 82 ya wiki ya 4 ndiyo msingi wake mpya. Usiendelee kulinganisha na 68. Rudia baada ya mwezi. Ikiwa 80 au 84, endelea. Ikiwa 105, hiyo si dolutegraviri.

Pili, mkojo. Chovya karatasi ya kupimia. OCT2 aliyezibwa haleti protini wala sukari kwenye mkojo. Tenofoviri inapoumiza, inaumiza seli za mrija wa mwanzo, zile zinazorudisha sukari, fosfeti na protini ndogo kwenye damu. Ukiona protini 1+ au zaidi, au sukari kwenye mkojo wa mtu ambaye sukari yake ya damu ni ya kawaida, shuku tenofoviri hata kama kreatinini haijapanda sana. Fosfeti ya damu ikishuka, shaka inakuwa kubwa zaidi. Na uchujaji ukishuka kweli chini ya 50, TLD hiyo haimfai tena: tenofoviri inabadilishwa, na lamivudini nayo inaangaliwa upya kwa kuwa kama asilimia 70 yake hutoka kwenye mkojo bila kubadilishwa.

Tatu, misuli. Mgonjwa wa TB wa kilo 48 aliyekonda anatengeneza kreatinini kidogo, maana inatoka kwenye misuli. Ile 68 ya mwanzo inaweza kuwa ilikuwa inaficha figo dhaifu. Akinenepa kwa kilo 6 katika miezi mitatu, kreatinini itapanda pamoja na nyama. Weka uzito wa siku hiyo kwenye hesabu, usitumie wa kadi ya zamani.

Lakini kinachoua figo za wagonjwa hawa kwa haraka kuliko vyote ni diklofenaki. Pirazinamidi inavunjwa kuwa asidi ya pirazinoiki, ambayo inazuia figo kutoa asidi ya yuriki. Viungo vinauma. Mgonjwa anapita duka la dawa, anapewa diklofenaki siku kumi. Diklofenaki inabana damu inayoingia kwenye figo, na tenofoviri iko palepale kwenye mirija. Muulize kila anapokuja: "Mama, viungo vinauma? Unatumia nini?" Parasetamoli 500 mg kila saa 6 kwa siku chache inatosha, isizidi 2 g kwa siku kwa uzito wake na ini lililobeba dawa za TB.

Na aliyekatiza rifampisini wiki kadhaa kisha akarudia, akapata homa, maumivu ya kiuno na mkojo kupungua ghafla, huyo ana figo zilizovimba kwa kinga ya mwili dhidi ya rifampisini. Simamisha, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na asipewe rifampisini tena maishani.

Kama mama huyu angekuwa na kisukari, OCT2 na MATE1 ndio pia wanaobeba metformini. Dolutegraviri mara moja kwa siku iliongeza metformini kwenye damu kwa asilimia 79, na mara mbili kwa siku kwa asilimia 145. Isizidi 1000 mg kwa siku.

Mkunga_Tanga

Kijiti naomba nijibu mimi, maana mimba ya wakati wa TB mara nyingi inapita hapa.

Levonorgestreli inavunjwa na CYP3A4, kimeng'enya kilekile kinachoongezwa na rifampisini. Tatizo la kijiti ni kwamba huwezi kukiongezea dozi. Kinatoa kiasi chake kidogo, karibu mikrogramu 100 kwa siku mwezi wa kwanza na kushuka mpaka kama 30 baada ya miaka, basi. Ini likila zaidi, hakuna cha kufidia. Tumekwisha kuliona hili kwa efavirenzi, ambayo inaamsha vimeng'enya kwa nguvu ndogo kuliko rifampisini: levonorgestreli ya kijiti ilishuka kwa karibu nusu, na Uganda wanawake walishika mimba kijiti kikiwa mkononi. Dolutegraviri yenyewe haina shida na kijiti. Mwenye shida ni rifampisini.

Msikitoe. Kijiti ambacho muda wake haujaisha kitarudi kazini ini likitulia. Mnachohitaji ni kinga ya pili kwa miezi yote ya RHZE na RH, na siku 28 baada ya kidonge cha mwisho. Kwa uzazi wa mpango tunasubiri siku 28 badala ya 14 kwa kuwa levonorgestreli ya kijiti haina akiba kama ya dolutegraviri. Kupungua kidogo tu kunaruhusu yai kupevuka.

Kinga ya pili ni kondomu kila mara. Asiyeweza kumtegemea mume kwa kondomu, mpe sindano ya miezi mitatu. Ina 150 mg kwa mpigo mmoja, na ini huivunja kwa kasi karibu na ukomo wake hata bila rifampisini, kwa hiyo vimeng'enya vya ziada havibadilishi sana. Ila asipitilize wiki 12 hata kwa siku mbili. Lupu ya shaba ndiyo isiyoguswa kabisa, kwa sababu shaba haifanyi kazi kupitia damu. Vidonge vya kila siku, vya homoni mbili au moja, usimwanzishie sasa.

Akija kutaka P2 (kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, nacho ni levonorgestreli) baada ya kondomu kupasuka, dozi ya kawaida ya 1.5 mg ni ndogo kwake. Kama hataki lupu ya shaba, apewe 3 mg kwa mara moja, yaani dozi mbili. Wauza dawa wengi hawalijui hili, na mama hatakumbuka kuwaambia kuwa yuko kwenye dawa za TB.

NesiWaCTC

Mmenifungua macho sana, asanteni. Sikuwa nimeiweka Septrin kwenye hesabu ya kreatinini hata kidogo. Limebaki la maji na madafu. Na nyongeza moja: ini likigoma, RHZE ikasimamishwa katikati, dolutegraviri ya usiku inafanywaje? Pia mama huyu huenda akapewa FEFO (vidonge vya chuma na foliki) kwa upungufu wa damu, naiweka saa ngapi?

Mfamasia_Bara

Nianze na maji, kwa sababu imani hii iko kila mahali na inamfanya mgonjwa aamini kuwa anajisaidia.

Figo zenye afya huchuja kama lita 180 za maji ya damu kwa siku na kurudisha karibu yote; kinachotoka ni lita moja na nusu au mbili. Dawa inayotoka kwa kuchujwa inategemea zile 180. Ukinywa lita 4, unachobadilisha ni kiasi cha maji kinachorudishwa. Mkojo unakuwa mwingi na mwepesi, dawa iliyomo ni ileile. Na dawa zake nyingi hata hazitegemei mkojo. Dolutegraviri, zaidi ya nusu ya dozi hutoka na kinyesi, karibu theluthi hutoka na mkojo ikiwa imeshabadilishwa na ini, na isiyobadilishwa haifiki asilimia 1. Rifampisini njia yake kuu ni nyongo: ini linaimwaga kwenye utumbo, nyingine inafyonzwa tena na kurudi kwenye damu, na ile iliyokwisha kubadilishwa na ini inaendelea mpaka chooni. Isiyozidi asilimia 30 ndiyo inayopita kwenye mkojo, na hiyo inatosha kuupaka rangi. Kwa hiyo mkojo wa rangi ya chungwa au nyekundu ni rangi ya dawa yenyewe. Machozi na jasho pia. Mwambie akiona umerudi kuwa wa kawaida wakati bado yuko kwenye dawa, hapo ndipo tuulizane kama amemeza.

Mfundishe tu kutofautisha na mkojo wa ugonjwa wa manjano. Huo ni wa kahawia kama chai ya rangi, na unakuja na macho ya njano, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula. Rifampisini kwa dozi ya kawaida haigeuzi weupe wa macho. Macho yakiwa ya njano aje siku hiyo.

Wapo watakaosema mbona penisilini inakimbilia kwenye mkojo. Ni kweli, ila inasukumwa huko na mirija, wala si maji yanayoivuta. Inatoka nzima kiasi kwamba Oxford mwaka 1941, dawa ilipokuwa adimu, walikusanya mkojo wa mgonjwa wao wa kwanza, askari polisi Albert Alexander, wakaitoa penisilini humo na kumdunga tena. Walichohitaji baadaye ni dawa ya kuuziba mlango huo, probenesidi.

Madafu sasa. Yana potasiamu nyingi. Trimethoprimu ya Septrin inazuia figo kutoa potasiamu. Kwa figo nzuri na dozi moja ya 960 mg, dafu moja halina neno. Kwa figo zilizolegea na madafu matatu kila siku, potasiamu inaweza kupanda mpaka mapigo ya moyo yakavurugika bila dalili ya kutangulia. Anywe maji kwa kiu yake na kwa joto la mahali, lita mbili au mbili na nusu, na aongeze akiharisha, kwani kukauka ndiko kunakoumiza figo.

Kuhusu figo na RHZE yenyewe: watu wanasahau kwamba kidonge kile kimoja kina dawa nne zenye milango minne. Rifampisini inatoka kwa nyongo. Isoniazidi inabadilishwa na kimeng'enya cha NAT2 kwenye ini. Wenye NAT2 ya haraka wana nusu-uhai wa kama saa 1, wenye ya polepole saa 2 hadi 5, na hao wa polepole ndio miguu yao hufa ganzi, ndiyo sababu ya B6. Pirazinamidi inavunjwa na ini lakini mabaki yake yanategemea figo. Ethambuto inategemea figo kwa sehemu kubwa, na ikijaa inapiga mshipa wa jicho, mgonjwa anaanza kuchanganya nyekundu na kijani. Kwa hiyo uchujaji ukiwa chini ya 30 kweli, kidonge cha pamoja hakifai. Rifampisini na isoniazidi zinabaki kila siku kwa dozi ileile. Pirazinamidi na ethambuto zinatolewa mara tatu kwa wiki, na kila siku ya kumeza dozi inakuwa kamili. Kwa kilo 48 ni pirazinamidi 1200 mg na ethambuto 800 mg. Kosa linaloonekana sana ni kugawa kidonge cha RHZE nusu. Hapo umepunguza rifampisini isiyohitaji kupunguzwa, na umetengeneza TB sugu kwa sababu ya figo.

Ini likigoma: dawa za TB husimamishwa ALT (kipimo cha damu cha ini) ikiwa mara 3 ya kikomo cha juu pamoja na dalili, au mara 5 hata bila dalili. Siku ya kusimamisha rifampisini ndiyo siku ya kwanza ya kuhesabu 14. Dolutegraviri ya usiku inaendelea siku hizo zote. Rifampisini ikirudishwa kabla hazijaisha, endeleza tu bila kukatiza. Ikirudishwa baada ya mwezi, rudisha dozi ya usiku siku ileile, usingoje ini liamke, kwani halitakupa taarifa.

FEFO ni suala jingine kabisa, hapo shida si dawa kutoka, ni kwamba haiingii. Chuma kinaishika dolutegraviri tumboni na zinapita pamoja hadi kinyesini. Kanuni ni dolutegraviri saa 2 kabla ya chuma au saa 6 baada yake. Kwa mama anayemeza saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, dirisha la FEFO ni kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 8 mchana. Iweke na chakula cha mchana na hapatakuwa na mgongano. Dawa za vidonda vya tumbo zenye magnesi na alumini zinakaa kwenye dirisha hilohilo.

Kwenye kadi yake andika tarehe, usiandike "baada ya wiki mbili". Kama kidonge cha mwisho cha RH ni 30 Juni, andika: dolutegraviri ya usiku mwisho 14 Julai, kondomu mpaka 28 Julai.

Dkt_Mkojo

Na kreatinini ya kurudia, mpe tarehe sasa hivi, mwezi mmoja tangu ile ya 82, pamoja na karatasi ya mkojo. Aje na vidonge vyote alivyonavyo nyumbani kwenye mfuko mmoja, hata vya jirani.